Mwenye Pikipiki Asiogope Grisi

Hapa mtaani kwetu yuko bwana mmoja, jina lake nitalihifadhi kwa sababu bado twasalimiana, ambaye ana pikipiki kubwa ya safari. Kila ipitapo watoto huacha mpira wakaitazama. Ina masanduku mawili ya alumini ubavuni, la tatu nyuma, kioo kirefu cha kukinga upepo, na taa nyingi kiasi kwamba usiku ukikutana naye wadhani ni lori la Mombasa. Jumamosi iliyopita nilimkuta amesimama kando yake, mikono mfukoni, huku kijana wa gereji akifunga taa nyingine mbili. Aliniambia kwamba mwezi wa Agosti, Mungu akipenda, anakwenda Moyale na kurudi.

"Mafuta ya breki ulibadilisha lini, jirani?" nilimwuliza.

Alicheka. "Hayo ya breki muulize fundi, bwana. Mimi kazi yangu ni kuendesha."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sina ugomvi na jirani yangu, na taa zake ni nzuri. Lakini alilolisema ndilo walisemalo wengi wa waendeshaji wapya wa pikipiki kubwa, tena hulisema kwa fahari, kana kwamba kutojua ni cheo. Maoni yangu, na nayatoa bila kumung'unya maneno, ni kwamba mtu anayekusudia kusafiri mbali kwa pikipiki na awe ameifungua kwa mikono yake mwenyewe nyumbani kwake. Asiyetaka kufanya hivyo na apande basi. Basi lina dereva na utingo, na likiharibika njiani hilo si shauri lake.

Katika nchi yetu tumezoea kumpima mtu kwa kucha zake. Aliyesoma hutarajiwa awe na mikono laini, na mwenye kucha nyeusi huulizwa alifukuzwa kazi lini. Mara ya kwanza nilipoonekana nimelala chali juu ya gunia uani kwangu, nikifungua mafuta ya injini, mama mmoja jirani alikuja kumpa pole mke wangu. Alidhani mambo yametuharibikia.

Na haya hayakuwa hivyo zamani. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa, naye alikuwa na baiskeli ile nyeusi tuliyoiita Black Mamba. Kila Jumamosi jioni aliipindua miguu juu mbele ya nyumba, akaipangusa kwa kitambaa, akaitia cheni mafuta kwa unyoya wa kuku, kisha akazungusha gurudumu na kulisikiliza. Hakuna aliyempa mama yetu pole. Mwenye baiskeli kutoijua baiskeli yake ingekuwa aibu. Sijui ni lini tuligeuka, lakini nadhani tuligeuka pamoja na mikopo ya magari.

Sasa nitaeleza kilichonifungua macho mimi, maana hata mimi nilikuwa kama jirani yangu. Pikipiki yangu ni ya silinda mbili, cc 600 na ushei, ya kabureta, kuukuu kuliko mtoto wangu wa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka gereji moja hapa Nairobi ili ifanyiwe matengenezo ya safari. Nililipa, nikapewa risiti ndefu, na mojawapo ya yaliyoandikwa ilikuwa "mafuta ya breki, mbele na nyuma". Wiki iliyofuata tulifunga safari ya Narok kwenda arusini, mama watoto akiwa nyuma yangu na nguo zetu za arusi zimo ndani ya mfuko.

Wanaoijua ile njia ya zamani ya kuteremka bonde kuelekea Mai Mahiu wanaelewa ninachosema. Ni mteremko mrefu wenye kona zisizoisha na malori yanayokwenda kwa kutambaa. Mbele yetu lilikuwako lori la saruji, nami nilikuwa nikibana breki, naachia, nabana tena. Tulipokaribia kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, nilibana breki ya mbele na mkono wa breki ukaja wote hadi ukagusa usukani. Hakukuwa na kitu. Ni kama kubana hewa, na kweli ilikuwa hewa.

Namshukuru Mungu kwamba mguu ulikumbuka gia kabla ya akili. Nilishuka gia mbili, nikakanyaga breki ya nyuma, nikaielekeza pikipiki kwenye changarawe upande wa ukuta, ikasimama. Mama watoto hakupiga kelele. Aliteremka, akavua kofia yake ya kukinga kichwa, akanipa mkononi, akasimamisha matatu ya Narok. Alifika arusini kabla yangu, na muda wa mwaka mzima hakupanda tena.

Baada ya nusu saa, injini na magurudumu yalipopoa, breki ilirudi kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo nilipopangusa vumbi kwenye kidirisha cha kikombe cha mafuta ya breki, kilichoko kwenye usukani, mbele ya macho yangu kila siku. Mafuta yale, ambayo yakiwa mapya huwa na rangi ya manjano hafifu kama ya mafuta ya kupikia, yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Hakuna aliyeyabadilisha. Nilirudi gereji na risiti yangu, na kijana akaniambia, "Mkubwa, hiyo tulishabadilisha, labda ni vumbi." Nilikasirika sana siku ile. Leo hasira yangu nimeigawa nusu kwa nusu, kwa maana kidirisha kile kilikuwa wazi nami sikuwahi kukitazama hata mara moja.

Hebu nieleze kidogo kilichotokea. Unapobana breki, mafuta husukumwa ndani ya mpira hadi kwenye pistoni ndogo, nazo hubana pedi juu ya sahani ya chuma iliyofungwa kwenye gurudumu. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya vidole viwili yaweza kusimamisha mzigo wa kilo 300. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, taratibu, kupitia mipira na kifuniko. Mafuta ya aina iitwayo DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa miaka miwili mitatu huweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi, na joto la breki katika mteremko kama ule hufika huko bila taabu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Vidole vyako basi vinabana mvuke.

Kazi ya kuyabadilisha ni ya saa moja. Chahitajika chupa ya mafuta mapya ambayo haijafunguliwa, kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, spana ndogo, chupa tupu, na mtu wa kukusaidia kubana breki unapofungua na kufunga kile kijibomba cha chini. Kikombe cha juu kisiachwe kikauke hata kidogo, la sivyo utaingiza hewa na kazi itaanza upya. Funika tangi kwa kitambaa chenye maji kwa sababu mafuta haya hula rangi. Basi. Anayebana breki kwangu siku hizi ni binti yangu wa miaka kumi na mitatu, na husema "imebana" na "nimeachia" kwa sauti kubwa kama karani wa mnada. Kila miaka miwili, iwe nimesafiri au sikusafiri, kazi hii hufanywa. Watu wa pwani, ambako hewa ni ya unyevu mwingi, wasisubiri hata hiyo miwili.

Baada ya breki, cheni. Nimewaona watu wakiikaza cheni ikawa kama waya wa gitaa, wakifikiri ndiyo afya. La hasha. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka barabarani, na cheni iliyokazwa kupita kiasi huvuta beringi za gia mpaka ziharibike, na hizo zimo ndani kabisa ya injini. Kitabu cha pikipiki husema cheni icheze kiasi gani, kwa nyingi ni kama milimita 30 hadi 40, na pikipiki ndefu za njia mbaya huhitaji zaidi kidogo. Usafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli usiitumie, kwa sababu inaharibu vile vijipete vya mpira vilivyomo kati ya pingili. Meno ya sproketi yakiinama kama ndoana, badilisha zote mbili pamoja na cheni, kwani cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa upesi.

Kuna jambo la kabureta ambalo naona halizungumzwi, nalo latuhusu sana sisi wa Kenya kwa sababu nchi yetu ni ya ngazi. Nairobi ipo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, na Mombasa ni sifuri. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kabureta haina macho. Hupima petroli kwa tundu dogo la jeti, haijui hewa imepungua. Kwa hiyo pikipiki iliyopimwa kwa usawa wa bahari ikipandishwa bara hupata petroli nyingi kuliko hewa, moshi ukawa mweusi na plagi zikajaa masizi. Fundi wa Nairobi, kwa nia njema, hukutilia jeti ndogo na pikipiki inanguruma vizuri. Kisha unateremka nayo Mombasa, kilomita 480, jua kali, mzigo nyuma, mkono umefungulia petroli kuanzia Voi. Sasa hewa ni nzito na petroli ni chache, na moto ndani ya silinda unazidi. Pistoni hutoboka hivyo.

Dawa yake si ya kitaalamu. Fungua plagi na uitazame. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama biskuti, sawa. Ikiwa nyeupe kama mfupa, simama na ufikiri kabla ya kuendelea. Plagi hutolewa kwa dakika kumi kwa spana inayokuja na pikipiki yenyewe. Ni kweli pikipiki za siku hizi za kupuliza petroli kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe, na wenye nazo wameepushwa na mtihani huu. Wasijivune sana, maana kompyuta haikazi cheni wala haibadilishi mafuta ya breki.

Nisijifanye bingwa. Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza nilikaza bolti ya kumwagia oili kwa nguvu zangu zote, nikidhani nguvu ndiyo usalama, nikang'oa nyuzi za alumini chini ya injini. Bolti ya chuma ikiwa ndani ya alumini ni kama jiwe ndani ya jibini. Ilinibidi niivute pikipiki kwa pikapu hadi kwa fundi wa kukereza vyuma ili atie nyuzi mpya, na kejeli nilizopata njiani sitazisimulia. Tangu hapo nimenunua ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kuukuu, kule barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan. Ni chombo cha kwanza ambacho ningemshauri mtu anunue, kabla ya taa na kabla ya masanduku.

Nimefika kwenye taa na masanduku. Sipingi kuiongezea pikipiki vitu. Ninachopinga ni kuanza na hivyo. Taa mbili za wati 55 kila moja huvuta zaidi ya ampia 9, na pikipiki ya zamani ina dinamo ndogo. Hata BMW ile maarufu ya R 80 G/S, iliyotoka mwaka 1980 na kuwa kama babu wa pikipiki za safari za leo, dinamo yake ilitoa wati 280 tu, na katika hizo taa kubwa, plagi na betri zilikuwa tayari zina fungu lao. Taa za ziada zikiunganishwa moja kwa moja kwenye swichi bila relei na fyuzi, swichi huyeyuka, na pengine waya wote huwaka. Masanduku nayo ni mazito yakiwa matupu. Dumu la lita 20 za petroli ni kilo 15 nyingine. Mwenyewe huyajaza, humpandisha abiria, kisha hashughulikii springi za nyuma wala upepo wa matairi, na hushangaa pikipiki inapoyumba kwenye kona.

Mimi ningeanza na matairi mazuri, springi zinazolingana na uzito, mipira ya breki iliyofumwa kwa waya ambayo haivimbi, na bamba la chuma la kukinga tumbo la injini. Kutoka Isiolo hadi Moyale, kiasi cha kilomita 500, sasa ni lami. Lakini ukikata kushoto Marsabit kuelekea Loiyangalani mawe yapo palepale, na jiwe moja likipasua bakuli la oili safari yako imekwisha hapo.

Wapo watakaoniuliza, na fundi atakula nini? Ni swali la haki. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, mafundi wamejaa chini ya kila mti, na sijaona watu wenye akili ya mkono kuwazidi. Wapo wanaoweza kufungua injini ya bodaboda na kuirudisha kabla ya uji kupoa. Lakini hiyo ni injini ya silinda moja, ya cc 100 au 150, ambayo wameifungua mara mia. Pikipiki kubwa huiona labda mara moja kwa mwaka, na kwa kuwa mwenyewe amesimama pale na mikono mfukoni, hakuna wa kuwaambia kwamba kitabu kinasema vingine. Mimi bado nampelekea fundi kazi: kuchomelea, kukereza, kutia beringi kwa mashine, kunyoosha rimu. Namlipa vizuri zaidi kuliko zamani kwa sababu sasa najua kazi hizo ni ngumu kiasi gani. Na tunaelewana. Nikimwambia nasikia mlio wa vali upande wa kulia, haniambii ni vumbi.

Mmarekani mmoja, marehemu Robert Pirsig, aliandika mwaka 1974 kitabu kilichopata sifa ulimwenguni, *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance*, na ndani yake mna rafiki yake mwenye BMW ambaye hataki kabisa kujua jinsi inavyofanya kazi. Pirsig anaifanya tofauti yao iwe falsafa nzito ya kurasa mia nne. Nilikisoma, nikakipenda nusu. Kwetu hapa, jambo lenyewe ni dogo na kubwa zaidi ya hapo: ukikwama kati ya Laisamis na Marsabit, duka la spea halipo. Mwandishi wa habari Ted Simon, aliyeondoka London mwaka 1973 kwa Triumph ya cc 500, akapita Afrika nzima pamoja na Kenya na kurudi kwao mwaka 1977, hakuwa fundi alipoanza safari. Alijifunza kwa sababu hakuwa na budi. Sisi tuna bahati ya kujifunzia uani, penye taa, chai, na mtu wa kushika spana ya pili.

Najua wengi wanaishi katika nyumba za ghorofa na hawana ua. Hata mimi naishi kwa hisani ya mwenye nyumba, ambaye masharti yake ni kwamba tone la oili lisionekane kwenye saruji. Hutandaza kadibodi na gunia, na oili chafu huitia ndani ya dumu. Siimwagi mtaroni hata kidogo, kwani inakwenda mtoni na mto huo kuna wanaonyweshea mboga. Jamaa zangu wa mashambani huichukua kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa.

Mama watoto alipanda tena, mwaka jana. Kabla ya kuweka mguu alikwenda mwenyewe mbele, akapangusa kile kidirisha kwa kidole na kukitazama, kisha akabana breki mara tatu. Hakusema neno. Tulikwenda Naivasha tukala samaki, tukarudi.

Nimemwambia jirani yangu aje Jumamosi saa tatu asubuhi na chupa moja ya DOT 4, asivae shati jeupe. Amesema ataona. Agosti haiko mbali, nami nimeshatenga gunia la pili.